Uliza Tukujibu: Kamati imenirudishia andiko mara ya pili, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo anti. Nasoma masta chuo kimoja hapa Dar, utafiti wangu ni madeni ya kina mama wanaokaanga samaki pale Feri, wanakopa vikoba, wanakopa kausha damu (ile mikopo ya riba kali), nataka kujua wanalipaje. Supavaiza kapitisha andiko tangu mwezi wa tatu ila kamati ya utafiti ya kitivo inarudisha tu, mara "boresha fomu ya ridhaa", mara "eleza data zitatunzwaje". Ivi hawa kazi yao nini kama supavaiza kashasaini? Hela ya fildi inaisha na mimi nipo tu hosteli.
Mwenye hasira, Mabibo

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Supavaiza wako amekuzoea, mmeongea miezi na miezi, yale ambayo hukuyaandika yeye anayo kichwani. Kamati haikujui, inasoma karatasi kama ilivyo, na inajaribu kuisoma kwa macho ya yule mama wa Feri.

Nikusimulie kidogo. Zamani niliwahi kwenda fildi kama msaidizi wa mtafiti, sokoni vilevile, tuna fomu ya kurasa nne, kiswahili chake kile cha "mshiriki anaridhia pasipo shuruti" sijui nini na nini. Mama wa kwanza yuko anageuza samaki, mikono mafuta tupu, nampa kalamu ananiuliza "hii ya mkopo wa nani?" Nikamwambia si mkopo mama, utafiti. Akasema kila aliyemletea karatasi ya dole gumba alirudi kumdai. Akaweka dole hivyohivyo, doa la mafuta likapenya mpaka ukurasa wa tatu, na sisi tukaandika karidhia. Karidhia nini, alitaka tuondoke samaki wake wasiungue!

Sasa wewe unaenda kuwauliza haohao habari za madeni. Daftari lako likidondoka kwenye daladala, mume anajua kuna mkopo hakuambiwa, na wa kausha damu anajua mteja wake anadaiwa na wengine watatu. Kwa hiyo hilo la kutunza data usilione usumbufu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Majina kaa nayo mbali na majibu, kila mama mpe namba, na uandike data utazifuta lini.

Fomu ifupishe iwe nusu ukurasa halafu msomee shangazi yako kwa sauti, akikuuliza "ndo nini hiyo" futa hapo. Iseme wewe nani, dakika ngapi, kwamba hukopeshi na hujatoka manispaa, anaweza kukataa, anaweza kukatisha katikati, na iwe na simu ya kamati siyo ya kwako peke yake. Ukiona kusaini kunawatisha, iombe kamati ikuruhusu ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi.

Na kuna hili wanafunzi wengi hawalijui: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipewa kwa waraka wa serikali wa 1980 ruhusa ya Makamu Mkuu wa Chuo kutoa vibali vya utafiti kwa wanafunzi na wafanyakazi wake kwa niaba ya serikali, hata COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia inayosimamia vibali vya utafiti nchini, ilikuwa haijazaliwa, hiyo ni ya sheria ya 1986, kabla yake kulikuwa na baraza la utafiti la taifa lililoitwa UTAFITI. Barua ya kibali inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji. Ukiharibu huko limeharibika jina la chuo, ndo maana wanakukagua kwanza.

Ila na wao wana lao. "Boresha" siyo maoni, boresha nini? Nenda kwa katibu wa kamati, omba maoni kwa maandishi na tarehe ya kikao kijacho, wengine wanakaa mara chache mno na mjumbe mmoja akisafiri basi. Na ukiwa hapo uliza kama kuna vihela vya utafiti, kamati nyingi ndo zinazogawa na wanafunzi hawaulizi.

SWALI: Mimi nachunguza samaki Ziwa Victoria, sihoji mtu. Kamati ya nini?
Kaka wa Mwanza

JIBU: Kaka, andiko litapita kitivoni tu, wataangalia mbinu zako na bajeti. Ingekuwa afya za watu ungepelekwa NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, wanyamapori TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na Zanzibar wana utaratibu wao. Ridhaa huhitaji kama kweli huhoji mtu. Lakini ukimuuliza mvuvi kawapata wapi na kwa nyavu gani tayari una mtu hapo, na kama ni kokoro, ule wavu uliopigwa marufuku, basi jina lake usiliandike popote.