Hong Kong ilikabidhiwa China, au China ilikabidhiwa Hong Kong?

Swali: Ninaandaa somo la historia kwa kidato cha sita. Nimeandika: "Hong Kong ilikabidhiwa China mwaka 1997, na mikataba yake ya biashara ikarithiwa na Beijing." Mwenzangu anadai sentensi hiyo ina kasoro mbili. Je, ni kweli? (Mwalimu, Morogoro)

Jibu: Ni kweli, mwalimu, na kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Kukabidhi kuna mtoaji, mpokeaji na kitu. Katika kauli ya kutendwa, anayetangulia ni mpokeaji: "Mweka hazina mpya alikabidhiwa vitabu", naye ndiye anayeondoka navyo. Kwa hiyo "Hong Kong ilikabidhiwa China" maana yake Hong Kong ndiyo iliyopewa China. Andika "China ilikabidhiwa Hong Kong". Wengi husema "ilikabidhiwa kwa China". Inaeleweka, ila darasani ningeshika "China ilikabidhiwa Hong Kong".

Ukipenda kutumia neno "kurejesha", fahamu kwamba unakubali kuwa mwenye mali ni China tangu awali. Ndivyo lilivyoandikwa Tamko la Pamoja la Uingereza na China la 1984: Uingereza itairejesha Hong Kong, na China itaanza tena kushika mamlaka yake.

Sasa kurithi. Mtu hurithi kilichoachwa, na Hong Kong haikuiacha mikataba yake. Hadi 1986 ilikuwa ndani ya mkataba wa ushuru na biashara wa GATT kupitia Uingereza. Tarehe 23 Aprili mwaka huo Uingereza ikatamka kwamba koloni hilo lina mamlaka kamili juu ya biashara yake ya nje, hivyo lihesabiwe kuwa mwanachama kwa nafsi yake. China nayo ikatoa tamko lake: hali hiyo itaendelea baada ya tarehe 1 Julai 1997. Ilikuwa diplomasia ya hali ya juu, maana kiti kiliwekwa salama miaka 11 kabla bendera haijabadilishwa, na kwa ridhaa ya pande zote mbili. Hong Kong ikawa mwanachama mwanzilishi wa Shirika la Biashara Duniani mwaka 1995. China yenyewe iliingia Desemba 2001. Beijing isingeweza kurithi kiti katika shirika ambalo bado ilikuwa inabisha hodi. Sema Hong Kong "ilibaki na" mikataba yake, kwa jina la "Hong Kong, China".

Kurithi kunafaa sana kwa historia yetu wenyewe. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, ilibidi iamue kama mikataba iliyofungwa na Uingereza kwa niaba yake itaibana. Serikali ya Nyerere iliufahamisha Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili itaendelea kwa miaka miwili, kisha ikome, isipokuwa ile itakayokubaliwa upya au inayolindwa na sheria za kimataifa. Wanasheria wa dunia wanaufahamu msimamo huo kwa jina la Nyerere. Hapo "Tanganyika ilikataa kurithi mikataba yote kwa mkupuo" ni sentensi sahihi kabisa.

Yako iandike hivi: "China ilikabidhiwa Hong Kong mwaka 1997, nayo Hong Kong ikabaki na mikataba yake ya biashara." Kwa Macau, ambayo Ureno iliiombea kiti cha GATT mwaka 1991, badilisha jina na mwaka tu: 1999.