Unataka kuikimbia Tandale ukapange Mikocheni? Soma hii kwanza mdogo wangu

Wakuu habari za jioni. Kuna mdogo wetu hapa ameuliza, ana miaka 27, kazi yake iko Posta hapa Dar, amepata chumba na sebule Tandale kwa elfu themanini, maji ndani na luku yake mwenyewe. Lakini wenzake ofisini wakisikia Tandale wanabadilika sura, na mchumba wake kasema hawezi kuolewa uswahilini, sasa anauliza ajibane akapange Mikocheni kwa laki tatu na nusu au achukue hiyo ya Tandale. Wengi mmemjibu aangalie mfuko wake. Sawa, lakini mimi nimesoma lile swali mara mbili na naona mfuko wake anaujua vizuri tu, kinachomsumbua ni aibu. Na hiyo aibu naijua, imenila miaka minne, kwahiyo mnivumilie nitaandika kirefu.

Mimi nimekulia Tandale kwa Mtogole. Nikiwa sekondari nilikuwa nashuka na wenzangu Sinza, nazuga hapo mpaka wapotee, halafu navuka mto Ng'ombe kwa miguu narudi nyumbani. Shule nzima walijua naishi Sinza. Na sikuwa peke yangu, wa Manzese alikuwa anasema Ubungo, wa Mwananyamala anasema Kinondoni, wa Kigogo anasema Magomeni, yani watoto wa miaka kumi na tano tayari tumeshajua jina la mtaa linaweza kukupandisha au kukushusha na hakuna mtu mzima aliyewahi kutukalisha chini akatufundisha hivyo.

2011 nikaitwa usaili kampuni moja, sitaitaja. Dada aliyekuwa ananihoji alikuwa anajaza fomu, akauliza unaishi wapi, nikasema Tandale. Kalamu ikasimama. Akaangalia viatu vyangu, akaniuliza, "Huko si kuna vibaka na mafuriko, utaweza kweli kufika saa moja na nusu?" Nikamwambia nitafika. Hawakuniita tena. Barua zote nilizoandika baada ya hapo nimeandika Sinza.

Nilipopata kazi mwaka uliofuata kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta dalali wa Mikocheni. Nikapata boi kota nyuma ya nyumba kubwa, chumba kimoja na choo, laki mbili na nusu kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, hiyo ni milioni moja na nusu bado hujampa dalali mwezi wake. Nikakopa. Kila baada ya miezi sita nakopa tena kulipa upya, na nyumbani nilikuwa natuma elfu ishirini kwa shida.

Sasa siku moja mama akaja kunisalimia bila kunipigia, alitaka anishtukize. Amepika mihogo ya nazi na dagaa, ameweka kwenye hotpoti kafunika na kanga. Mlinzi akamzuia getini, akamwambia mama wauza vyakula hawaruhusiwi mtaa huu. Akasema mimi ni mama yake fulani, mlinzi hanifahamu kwa jina hilo kwa sababu hapo nilikuwa naitwa mpangaji wa nyuma. Simu yangu imezima. Nilipotoka dukani nimemkuta amekaa juu ya tofali chini ya mwarobaini, hotpoti kaipakata, amekaa hapo karibu saa nzima. Hakunilaumu. Alichosema ni hiki, "Mwanangu, hapa kwako hakuna hata wa kumuuliza." Ile mihogo nilishindwa kuila mpaka usiku.

Tangu siku ile nikaanza kujiuliza, hivi nani alituambia Tandale ni aibu? Nikaanza kusoma na kuuliza wazee. Kumbe huu mji ulichorwa hivi makusudi. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891, nyumba za kizungu huku, nyumba za vibanda kule. Waingereza walipokuja miaka ya 1920 wakaugawa mji kanda tatu, na kwenye karatasi hawakuandika mzungu, mhindi, mswahili, waliandika aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa, ila kila mtu alijua nani ana uwezo wa kujenga nini. Pale Mnazi Mmoja mnapoona pamebaki wazi, pameachwa wazi ili patenganishe mji wa watu wengine na Kariakoo ya Waswahili. Ndiyo tukapata Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na mpaka leo tunayatumia kama vile ni majina ya milima yaliyoumbwa na Mungu.

Uhuru ulipokuja wazungu wakaondoka Oysterbay, wakaingia wakubwa wetu kwenye nyumba zilezile. Azimio la Arusha 1967 likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, 1971 serikali ikataifisha majengo ya zaidi ya shilingi laki moja, mengi ya Wahindi, ndiyo hizo wazee wanaziita nyumba za Msajili, yani Msajili wa Majumba. Kwahiyo watu walibadilishwa ndani ya nyumba, ramani ikabaki vilevile. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo tulipoteleza.

Na hili mdogo wangu lisome taratibu, linakuhusu. Miaka ya 1970 kulikuwa na mradi wa viwanja kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na huko Mikocheni unakotaka kukimbilia zilipimwa kwenye huo mradi, na viwanja vile vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Watu kama baba yangu. Wengi wao hawakukaa, wenye kazi nzuri na wanaojuana na watu walivichukua au wakavinunua. Kwahiyo tofauti ya Sinza na Tandale, watu wanaokaa jirani kiasi cha kusikiana adhana, ni kwamba upande mmoja alipita mtu na kamba ya kupimia akaacha nafasi ya barabara na mtaro, upande mwingine hakupita. Bibi yangu alipozidiwa usiku tulimbeba juu ya godoro, watu wanne, tukipita vichochoro mpaka tukafika kwenye lami, kwa sababu hata bajaji haiingii. Nafasi ya barabara ndiyo Tandale ilikosa. Ukisikia mtu anasema uswahilini watu hawana ustaarabu, mwambie usiku ule milango ilifunguliwa kumi na kitu, watu wengine hatukuwahi hata kusalimiana nao vizuri, wakabeba.

Siasa nayo, watu wanaidharau kwenye suala la kupanga lakini iko mlangoni kwako. Nilihitaji barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa nikafungue akaunti, Mikocheni nimeshakaa mwaka na nusu, nikaambiwa leta mtu anayekufahamu. Sikuwa naye! Nikarudi Tandale, mjumbe wetu akaniandikia kikaratasi hapohapo kwenye benchi. Lakini upande wa pili, pale Mikocheni bomba likipasuka, mzee wa nyumba kubwa anapiga simu moja na jioni watu wamekuja, wakati kwetu tumewahi kununua maji ya mkokoteni wiki tatu mfululizo. Wanaopanga barabara ipite wapi hawajawahi kuruka dimbwi la kwa Mtogole usiku. Inakadiriwa asilimia 70 hivi ya watu wa Dar tunaishi kwenye makazi ambayo hayajapimwa, sasa kama wengi ndiyo sisi, kwanini sisi ndiyo tuone aibu? Hili linaniumiza, nasema kweli.

Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Wengine wakarudi mjini, na ofisini kwetu nikasikia watu wanasema hao wamezoea uchafu. Mama anayechoma chapati Kariakoo saa kumi na moja alfajiri atatokea Mabwepande saa ngapi, kwa nauli ipi? Yule hakupenda bonde, alipenda watoto wake wale. Anayesema vile analala karibu na kazi yake au ana gari.

Sisemi usiende Mikocheni. Mimi 2016 niliondoka Mikocheni nikarudi Tandale karibu na mama, vyumba viwili, na ile hela ya kodi ndiyo iliyoninunulia kiwanja kilichopimwa Kigamboni, ila nilichelewa, miaka minne ya kodi ingekuwa msingi na kuta. Na kuna watu wana sababu zao nzuri za kuhama, mwenye mtoto mwenye pumu huwezi kumwambia akae pembeni ya dampo. Uswahilini kuna shida za kweli, usije ukadanganywa na watu wanaosifia umoja tu huku wao wamekaa Mbezi Beach.

Kwahiyo fanya hivi. Hiyo nyumba ya elfu themanini kaikague siku mvua inanyesha, angalia ukutani kuna mstari wa maji umefika wapi, mpaka magoti au chini ya hapo. Uliza maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki, muulize mpangaji, mwenye nyumba atakwambia yanatoka kila siku. Hesabu hatua kutoka mlangoni mpaka gari linapofika. Choo mnatumia watu wangapi. Usiku saa tatu pita hiyo njia mwenyewe uone taa.

Halafu mchumba wako mlete Jumamosi, mzunguke naye, mpeleke kwa mjumbe, mnunulie mihogo hapo kona, msikilize. Akikwambia anaogopa kile choo cha watu kumi, au kichochoro kina giza, ana haki, tafuteni nyumba nyingine hata hukohuko, zipo. Akikwambia atawaambiaje rafiki zake kwamba anaishi Tandale, basi hapo kaeni kwanza muongee, tena muongee sana, kabla hujampa dalali hata shilingi.