Nyama ya swala imekauka kwenye mchuzi, nimekosea wapi?

SWALI: Shefu habari za kazi. Nililetewa paja la swala na jamaa mwenye kibali cha kuwinda, nikaona nipike mchuzi mzito wa viazi, ule wa kushiba. Nikalilaza kwenye siki usiku kucha ili litoe harufu, kesho yake nikakata vipande vidogo nikachemsha kwa moto mkubwa kama masaa mawili na nusu hivi. Imetoka inachanika nyuzi nyuzi lakini mdomoni ni kavu kabisa, na kaharufu bado kapo. Nusu ya paja iko kwenye freza, naogopa nayo nitaiharibu. Nifanyeje?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu, na pole kwa hiyo sufuria. Tatizo kubwa hapo ni sehemu ya mnyama uliyochagua, halafu moto. Muda wenyewe haukuwa na shida.

Nyama ya porini haina mafuta ndani ya msuli kama ya ng'ombe aliyenoneshwa, mnyama ametembea na kukimbia maisha yake yote kwa hiyo unachopata ni msuli mtupu. Sasa mchuzi unaopikwa muda mrefu unahitaji kitu cha kuyeyuka, na kama mafuta hayapo basi iwe kolajeni, yaani zile kano na utando wa ndani unaoshikilia nyuzi za nyama. Kolajeni ikikaa kwenye joto la kuanzia kama nyuzi joto 70 za Selsiasi na kuendelea, taratibu inageuka jelatini, na hiyo jelatini ndiyo inayofanya nyama iteleze na mchuzi ushike midomo. Paja halina kolajeni nyingi. Iliyopo kwa wingi iko shingoni, kwenye mkono (bega), kwenye muundi na mbavu, yaani zile sehemu watu wanaziona za hovyo. Ukipata mnyama mzima tenga hizo kwa ajili ya mchuzi, sarara na nyama ya mgongoni kaanga haraka haraka kwenye kikaango cha moto, usizitupie sufuriani hata kidogo.

Kuhusu moto, nyuzi za nyama zikipita kama nyuzi joto 60 zinaanza kujikunja na kukamua maji yake, na ukichemsha kwa fujo zinakamua zaidi huku ule mtikisiko unavunja vipande. Ndio maana kwako ilichanika na bado ikawa kavu, kilichoshikilia nyuzi kililegea lakini nyuzi zenyewe zilishabaki tupu. Mchuzi wa nyama ya porini unatakiwa utoe kapovu kamoja hapa kamoja pale, basi. Kama jiko lako la gesi halishuki hivyo, funika sufuria uingize kwenye oveni ya nyuzi 150, huko moto unazunguka pande zote na wala huna haja ya kukoroga.

Harufu sasa. Siki haiingii ndani ya nyama, inaishia milimita chache tu juu, na ukiiacha usiku mzima ile sehemu ya juu inakuwa na unga unga huku ndani hakijabadilika kitu. Harufu kali mara nyingi inakaa kwenye mafuta ya mnyama mwenyewe, kwenye damu iliyoganda na nyama iliyochubuka pale risasi ilipopita, na pia inategemea mnyama alipasuliwa na kupozwa haraka kiasi gani. Kwa hiyo dawa ni kisu. Ondoa mafuta yote yale magumu meupe, kata utupe nyama yote iliyozunguka jeraha kwa upana wa kutosha (vipande vidogo vya risasi vinasambaa mbali kuliko jicho linavyoona, na madini ya risasi ni sumu), halafu vua ule utando mgumu unaong'aa kama fedha juu ya msuli. Huo haulainiki hata upike kutwa, una elastini, ambayo haigeuki jelatini kama kolajeni. Baada ya hapo chumvi tu, kijiko kikubwa kimoja hivi kwa kilo moja, ilale kwenye friji usiku mmoja. Chumvi inaingia ndani kweli na inasaidia nyama ishike maji yake, kwa hiyo kwenye mchuzi usiongeze nyingine mpaka umeonja mwishoni.

Kupika kwenyewe mimi nafanya hivi. Kilo moja na nusu ya mkono au shingo, vipande vikubwa kama sentimita 4 au 5, vidogo vinakauka upesi. Futa viwe vikavu, kaanga vichache vichache kwenye mafuta ya moto mpaka vishike kahawia iliyokolea, ukijaza sufuria nyama inatoa maji na hutapata rangi na bila rangi mchuzi unakuwa mchovu. Toa nyama, weka siagi au mafuta ya ng'ombe vijiko vitatu, hapa usione huruma maana mafuta ndiyo mnyama huyu hana, vitunguu vitatu vikubwa vilainike polepole mpaka viwe vya dhahabu, kitunguu swaumu, pilipili manga, karafuu mbili tatu, majani ya bizari, vijiko viwili vya nyanya ya kopo uikaange mpaka iwe nyekundu ya giza. Maji au supu ya mifupa iifikie nyama, isiizamishe. Funika, moto mdogo kabisa, masaa mawili na nusu mpaka matatu na nusu, mnyama mzee anaweza kuomba zaidi. Uma ukiingia bila kubishana imeiva. Viazi na karoti ziingie dakika 40 za mwisho. Kwa presha kuka hesabu dakika 40 hivi kabla ya viazi, na uiache ishuke presha yenyewe, ukifungulia mvuke ghafla mchuzi unachemka kwa nguvu mle ndani na nyama inakauka.

Kama unaweza kusubiri, uache upoe, uingie friji ndani ya masaa mawili, ule kesho yake. Unakuwa mzito na viungo vimetulia.

Halafu hili nalisema kwa msisitizo: mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe usimguse wala usimpike, huenda ameuawa na ugonjwa wa kimeta, na kimeta hakiuliwi na jiko la nyumbani. Na kama siku moja utapata nguruwe pori au ngiri, iive kabisa mpaka ndani, kuigandisha kwenye freza sio kinga ya kuaminika dhidi ya minyoo ya trikinela.

Hiyo nusu ya paja iliyobaki usiipike mchuzi wa vipande tena. Iyeyushe ndani ya friji, vua utando, isage na mafuta ya ng'ombe, gramu 200 kwa kila gramu 800 za nyama, kisha tumia vitunguu na viungo hivyo hivyo kupika mchuzi wa nyama ya kusaga na viazi. Saa moja ya moto mdogo inatosha na haitakuwa kavu.