Maswali ya Wasomaji: Bangkok kwa Mara ya Kwanza

SWALI: Wahariri, hamjambo? Mwezi ujao naenda Bangkok kuchukua nguo za kike soko la Pratunam. Wenzangu wa Kariakoo wananiambia usumbufu wote uko uwanja wa ndege. Ni usumbufu gani huo, na nikishatoka nashika njia ipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Mara nyingi ni homa ya manjano. Thailand inadai cheti cha chanjo hiyo kwa wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukichanja wiki ya safari umeshachelewa. Kadi ya chanjo ya zamani inafaa, kwani tangu 2016 chanjo moja huhesabiwa ya maisha. Hakikisha tu jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.

Kosa linalowapata wengi ni kufuata mkumbo. Wanashuka uwanja wa Suvarnabhumi, wanaunga foleni ya uhamiaji, na wakifika mbele wanarudishwa dawati la afya wakagongewe muhuri. Foleni inaanza upya. Tafuta kwanza kibao cha Health Control, ndipo uende uhamiaji.

Kadi ya kuwasili nayo, tangu Mei 1, 2025, hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayokudai dola si ya serikali. Uwe na anwani kamili ya hoteli. Afisa anaweza pia kutaka kuona fedha za kujikimu, na kwa viza ya utalii kiwango ni baht (fedha ya Thailand) 20,000 kwa mtu mmoja.

Ukitoka, treni ya mjini iko ghorofa ya chini kabisa. Kwa Pratunam usiende hadi mwisho wa njia. Shuka Ratchaprarop, kituo kimoja kabla ya Phaya Thai ambacho ndicho cha mwisho, utembee kama robo saa. Nauli ya njia nzima haizidi baht 45. Ukifika baada ya saa sita usiku, treni hakuna. Hapo chukua teksi ghorofa ya kwanza: mashine inakupa karatasi yenye namba ya maegesho, na karatasi hiyo usimpe dereva, ndiyo ushahidi wako. Mita inaanzia baht 35, unaongeza 50 za uwanja, na ushuru wa barabara ya juu unalipa wewe. Uwe na noti za 20 na 100, maana noti ya 1,000 huleta ubishi wa chenji.

SWALI: Nibebe dola au nitegemee kadi ya benki? Na shilingi zetu zinabadilishwa huko? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Shilingi zimalize nyumbani. Beba dola, noti za 100, safi, zisizochanika wala kuandikwa. Noti ndogo hupewa bei ya chini. Usibadilishe nyingi kwenye ukumbi wa mizigo. Maduka yaliyo chini, karibu na treni, hutoa bei bora zaidi, ila yatataka pasipoti. ATM nyingi hukata baht 220 au zaidi kila ukitoa kwa kadi ya nje, hata ukitoa kidogo, basi toa nyingi kwa mara moja. Mashine ikikuuliza ikukatie kwa sarafu ya kwenu, kataa: bei yao ni mbaya.

Kwa mnaonunua mzigo: maduka mengi ya Pratunam hushusha bei ukichukua vipande 3 na kuendelea. Kinachoumiza ni kago ya ndege, kwani hupimwa kwa uzito au kwa ujazo, kinachozidi ndicho unacholipia. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 ni kilo 20, hata kama blauzi zilizomo zina kilo 12. Kandamiza nguo kabla ya kufunga.

SWALI: Chakula halali tutakipata wapi? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Petchaburi Soi 7 (soi ni kichochoro), karibu na msikiti wa Darul Aman na kituo cha Ratchathewi, au mtaa wa Waarabu karibu na kituo cha Nana. Kwingineko tafuta alama ya halali. Kumwambia muuzaji asiweke nguruwe hakutoshi, kwa sababu karai ni lile lile.

SWALI: Dada yangu aliambiwa njiani kwamba Kasri Kuu limefungwa, akapakiwa tuktuk kwenda duka la vito. Lilikuwa limefungwa kweli? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Huo ni ujanja wa siku nyingi, dereva hulipwa na duka. Mpite huyo mtu, nenda hadi getini penyewe. Hufunguliwa saa mbili unusu asubuhi, tiketi mwisho saa tisa unusu alasiri, baht 500. Mabega na magoti yafunikwe.

SWALI: Saa zao zikoje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Wako mbele yetu kwa saa 4. Ratiba huandikwa kwa saa 24, lakini mitaani saa mbili usiku huitwa "song thum", na "song" ni mbili, kama kwetu! Ulinganifu huo unaishia saa tano usiku. Mwaka nao una hesabu yake: jumlisha 543 kwenye mwaka wetu upate wao. Ukiona dawa imeandikwa mwisho 2570, ni 2027.