Mungu wa kwenye gemu asiwe duka la dawa

Wale mnaoendesha gemu za mezani, zile za mapanga na majoka na makasri, leo nataka tuongee mambo ya miungu na mbingu, maanake hapo ndo nliharibu kampeni yangu ya kwanza, yaani hadithi moja tunayoicheza vikao vingi, na naona wengi wanaharibia hapohapo.

Sisi tunachezea Kansanga, hapa Kampala, Jumamosi jioni, watu watano, wawili wametoka Kongo, mmoja Arua, mmoja wa Bombo kama mimi, ndo maana mezani ni Kiswahili tu. Tunacheza Dungeons & Dragons, ile waliyoitoa Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, lakini sisi tunafuata sheria za toleo la 2014. Humo mhusika aliye kasisi akifika leveli 10 anaruhusiwa kumwita mungu wake moja kwa moja, anarusha dadu za mia, ikitoka namba iliyo sawa na leveli yake au chini yake basi mungu ameitika. Kwa leveli 10 ni nafasi kumi kwa mia. Ndogo sana, kwa hiyo mi sikujiandaa kabisa.

Ikatoka 7.

Stima ilikuwa imepotea, tumemulika dadu na tochi ya simu, watu wakaruka na kupiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Na mimi kwa ile furaha nikamshusha mungu mzimamzima, akaunguza jeshi lote la wafu, akaponya kila mtu, akafungua na geti la kasri. Dakika mbili vita imeisha. Sasa kuna mwenzetu anacheza mpiganaji, yeye wiki tatu alikuwa anachora ramani ya namna ya kuingia lile kasri, kila mlango kauwekea alama kwa kalamu nyekundu. Akaikunja ile karatasi pole pole akauliza, sasa sisi tulikuja kufanya nini? Sikuwa na jibu, na swali lake likanikaa kichwani wiki nzima.

Jibu nlilipata kwenye hadithi ya nyumbani. Jajja yangu mzaa mama ni mtu wa Mityana, na sisi wajukuu wote tumelelewa na ile ya Waganda ya Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi. Iangalie vizuri kama mwendesha gemu. Ggulu ndo mkubwa wa mbinguni, ana watoto, ana boma, ana ng'ombe, na anampima Kintu kwa mitihani kabla hajampa binti yake Nambi. Alafu anawapa mwiko mmoja tu: ondokeni mapema, na mkisahau kitu msirudi, maanake kaka yenu Walumbe atawafuata, na Walumbe ndo kifo. Nambi akakumbuka ulezi wa kuku, akarudi. Walumbe akashuka naye. Watoto wao walipoanza kufa Ggulu hakufuta kila kitu kwa neno moja, alimtuma mwanawe Kayikuuzi aje amkamate ndugu yake, na Kayikuuzi akawaomba watu kitu kidogo tu, wakae ndani, na mtoto akimwona Walumbe asipige kelele. Watoto wakapiga kelele. Walumbe akazama ardhini pale Ttanda, Kayikuuzi akachimba mpaka akachoka akarudi juu, na yale mashimo mpaka leo watu wanaenda kuyaona na wengine kuomba.

Umeona hapo? Msaada wa mbinguni ulikuja kweli, lakini ulimaliziwa, au uliharibiwa, na watu wa chini. Ndo ushauri wangu mkubwa: mungu akiitika, amtume mtu, na huyo mtu aje na sharti ambalo wachezaji wenyewe watalibeba. Kampeni iliyofuata kasisi alipoitikiwa tena nikaleta mjumbe mmoja tu, kachoka, miguu ina vumbi, akasema nitauzuia huu mlango mpaka alfajiri ila yeyote asiwashe moto. Basi. Wakaanza kubishana, huyu ana jeraha anataka maji ya moto, yule anasikia kitu kinatambaa gizani, na mpiganaji wetu akawapanga wote wamezunguka kwa kushikana mabega. Saa nzima tumecheza giza, na hakuna aliyegusa simu.

Ila msichukue majina ya lubaale, yaani miungu ya Waganda, mkayatupa mezani hivihivi, kuna watu hayo ni ibada yao. Mi huchukua mpango wa hadithi tu, majina natunga. Na ukiwa na mlokole au Mwislamu mezani muulize kabla hamjaanza, sisi mmoja aliomba tusiseme "sala", tukasema "wito", yakaisha.

Kuhusu mbingu yenyewe, ipe njia na ipe sura. Kwenye hii gemu kuna mlima wa mbinguni wenye tabaka 7, la kwanza linaitwa Lunia, ni usiku wa nyota na bahari ya rangi ya fedha, na mtu anapanda kadiri anavyozidi kuwa mwema. Msomee mchezaji wako hayo siku mhusika wake amekufa. Maanake ile sheria ya kufufua, wengi wanasoma bei tu, almasi ya vipande 500 vya dhahabu na maiti isizidi siku 10, wanaruka mstari unaosema roho iwe yenyewe imekubali kurudi.

Mi huo mstari nausoma kwa sauti. Mwezi wa tatu mpiganaji alikufa darajani, kasisi akatoa almasi, nikamgeukia mwenye mhusika nikamweleza anasimama ufukweni, maji yako kwenye magoti, juu mlimani anaona moto wa watu wanaopika na anasikia sauti ya mama yake aliyekufa kampeni haijaanza. Nikamuuliza, unarudi? Akanyamaza kitambo, akaangalia karatasi yake, akasema hapana, mwambieni asante, mi napanda. Kasisi akabaki kashika almasi, na hakuna aliyemlazimisha. Kikao chote kilichobaki tulimchimbia kaburi, kila mmoja akisema anaweka nini ndani.