Gari halivuti mlimani, fundi anataka kutoa masega

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, naishi Iringa. Mjini gari liko sawa na sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) imetulia, ila nikianza kupanda Kitonga nakanyaga mafuta injini inanguruma tu, spidi haipandi. Taa ya cheki injini iliwaka, mashine ya kupimia ikasoma kodi ya kosa P0171. Fundi akabadilisha oksijeni sensa, taa ikazimika, siku chache baadaye ikarudi. Fundi mwingine anasema masega, yale ya kwenye bomba la moshi yanayopunguza sumu, yameziba, atayatoa na hanidai hela ya ufundi. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba. Usimruhusu, labda akuonyeshe kwanza kwa kipimo kwamba yameziba. Swali la namna hii linanifikia kila mara, na karibu kila mara sensa imeshanunuliwa na masega yanasubiri zamu yake.

P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta imeona hewa imezidi kwa petroli iliyopo, ikaongeza petroli mpaka kikomo chake na bado haitoshi. Oksijeni sensa, inayopima oksijeni kwenye moshi, ndiyo inayotoa taarifa hiyo. Ile yako ya zamani huenda ilikuwa inasema kweli tupu. Na taa kuzimika kusikudanganye. Kodi za makosa zikifutwa, marekebisho yote ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza yanafutika nayo, inaanza upya kutoka sifuri. Tena kwa kosa hili hungoja ilione katika safari mbili ndipo iwashe taa. Siku zile za amani kompyuta ilikuwa inalijifunza upya tatizo lilelile.

Kinachonipa mwanga zaidi ni Kitonga. Hewa inayoingia kwa njia za panya, kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya menifoldi, husumbua zaidi kwenye sailensa, na yako imetulia. Gari linalokosa nguvu likibebeshwa mzigo linanielekeza kwenye pampu ya mafuta, filta yake, na sensa ya hewa iliyokaa baada ya eakilina (chujio la hewa), inayopima hewa inayoingia kwenye injini.

Fundi achomeke mashine tena, ila safari hii asiishie kwenye kodi. Afungue ukurasa wa namba zinazobadilika injini ikiwaka, atafute LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza. Iangalieni kwenye sailensa, kisha mtu mwingine aishike mashine huku wewe ukipanda kilima kwa mwendo usiobadilika. Ikiwa na afya hucheza karibu na sifuri. Hata asilimia 10 siogopi. Ikiwa kilimani inapaa hadi 20 na zaidi, ama petroli haifiki ya kutosha ama sensa ya hewa inapunja hesabu.

Anza na sensa ya hewa kwa kuwa ni rahisi. Isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, si ile ya kabureta, na waya wake mwembamba usiguswe hata kwa pamba. Namba zisiposhuka, ipimwe presha ya mafuta kwa geji. Injini hii inataka kama psi 44 hadi 50, na zisiporomoke ukikanyaga. Pampu imo ndani ya tanki, unaifikia kwa kunyanyua siti ya nyuma, na filta imo humohumo. Wengi hawajawahi kuigusa tangu gari litoke bandarini. Nikiitoa filta ya namna hiyo na kumwaga petroli iliyobaki ndani yake kwenye chombo cheupe, hutoka na rangi ya chai ya mkandaa.

Sasa masega. Yakiziba kweli gari huwa zito, hilo sibishi. Lakini moshi ukikosa njia, injini huvuta hewa kidogo, sensa inaipima hivyohivyo, na kompyuta inapunguza petroli ilingane nayo. Kwa kawaida hapo hupati P0171. Na kuyapima hakuhitaji kukata kitu: inafunguliwa oksijeni sensa ya mbele, geji inafungwa kwenye tundu lake, injini inapandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Presha ikizidi psi 3, kuna kizuizi. Fundi anayeruka kipimo hicho na kukimbilia grenda, tena bure, jiulize analipwa na nani. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Wewe unabaki na bomba tupu linalotoa sumu, yeye anaondoka na mali.

Hata yakiwa yameziba kweli, mara nyingi kuna kilichoyaua. Plagi au koili ikichoka, petroli isiyoungua huenda kuungulia humo, yanapata moto kupita kiasi mpaka yanayeyuka. Ukiyatoa, koili mbovu unabaki nayo. Kisha oksijeni sensa ya nyuma, ile iliyo baada ya masega, inaanza kulalamika kwa kodi P0420, kwamba masega hayafanyi kazi, na fundi yuleyule anakuuzia kipande cha chuma cha kuisogeza sensa ili idanganyike. Nawaona wenye magari ya namna hiyo kila wakati: taa ya cheki injini wameshaizoea, na siku inapowaka kwa jambo la kuua injini wanaendelea na safari.

Usinunue kifaa kingine mpaka uwe na namba za LTFT za sailensa na za kilimani, pamoja na presha ya mafuta. Niandikie ukizipata. Na mpaka hapo, ukiwa unarudi kutoka Dar, Kitonga kaa nyuma ya lori, usiovateki.