Kaa wa mikoko na bakuli la futari lililorudishwa

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi ni mjane, nina watoto wanne, naishi kijiji kimoja cha wilaya ya Mkinga, Tanga, kilicho kando ya mikoko. Nilipotoka eda niliingia kikundi cha kina mama. Tunanunua kaa waliotoka kujivua gamba, ambao ndani hawana nyama, tunawaweka kwenye vizimba mikokoni na kuwalisha samaki wadogo na matumbo ya samaki mpaka wajae. Kisha mnunuzi huja kuwachukua kwa kilo. Wanangu wanasoma kwa kazi hiyo. Sasa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amerudi kutoka masomoni na anasema kaa ni haramu kuliwa na haramu kuuzwa, na anayekula pesa yake sala yake haipokelewi siku arubaini. Ramadhani iliyopita nilimpelekea mama mkwe bakuli la futari, likarudi vile vile na kawa lake juu. Ulikuwa muhogo wa nazi tu, sheikh, hata kaa hamkuwa. Na hao hao, kasa akinaswa kijijini, hugawana nyama. Je, niache kazi hii? Na sadaka niliyomtolea marehemu mume wangu kwa pesa hiyo, imemfikia?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh, binti yangu.

Nianze na la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Sadaka uliyomtolea mumeo ni sadaka ya pesa uliyoichuma kwa jasho, na umeitoa kwa nia njema. Tunataraji kwa Mwenyezi Mungu kuwa imemfikia. Lala.

Hayo ya siku arubaini yapo katika riwaya moja ambayo wajuzi wa hadithi wamesema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu sana. Haifai kumtisha nayo mjane.

Tuje kwa kaa. Shemeji yako hakuzua, na lazima nimpe haki yake. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu tulichokisomea sisi Mashafii wa pwani hii kizazi baada ya kizazi, imeandikwa kuwa kinachoishi nchi kavu na baharini, kama chura, kaa na nyoka, ni haramu. Kaa ametajwa kwa jina. Wengi wa wanachuoni wa madhehebu waliokuja baadaye wamesimama hapo hapo. Nakumbuka siku tuliyofika kwenye ibara hiyo, vijana tumekaa mkekani hapa Tanga mjini, mwalimu akitufasiria neno kwa neno. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi wa Chongoleani, akashindwa kuzuia kicheko. Mwalimu akamuuliza, wacheka nini? Akajibu, “Sheikh, nyumbani jana tumempika.” Tulidhani atachapwa. Mwalimu akamwambia tu, “Maliza kitabu kwanza, halafu usome na kingine.”

Hicho kingine ni Majmuu, na mwandishi wake ni huyo huyo Nawawi. Humo amesema kuwa kauli sahihi ya kutegemewa ni kwamba vyote vilivyomo baharini ni halali hata vikifa vyenyewe, isipokuwa chura, na kwamba wale waliotaja kobe na nyoka maneno yao yachukuliwe kwa wale wasiokuwa wa baharini. Mtu mmoja, vitabu viwili, na kila kimoja kina watu wanaokitegemea. Basi anayesimama mbele ya kina mama na kusema “dini imesema haramu”, kisha akanyamaza, amesoma ukurasa mmoja akaufanya msahafu.

Na hapo ni ndani ya madhehebu yetu tu. Malik na wafuasi wake wamehalalisha viumbe vya baharini kwa upana wake. Kwa Mahanbali, kaa ameruhusiwa waziwazi, hata bila kuchinjwa, kwa kuwa hana damu inayotiririka. Mahanafi ndio waliobana: kwao baharini huliwa samaki peke yake. Anayetaka kushika kauli yao aishike, lakini aishike yote: aache pweza, aache ngisi. Sijasikia kuwa shemeji yako amehama jiko la pweza.

Dalili ya wanaohalalisha si nyepesi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 96, ametuhalalishia kuvua vya baharini na kuvila, wala hakubagua. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari alijibu zaidi ya alivyoulizwa: maji yake ni tohara, na mfu wake ni halali. Na masahaba waliotoka na Abu Ubayda wakashikwa na njaa mpaka wakala majani, bahari iliwatupia mnyama mkubwa aitwaye ambari. Wakamla kwa siku nyingi, na waliporudi Madina Mtume akaomba apewe alichobaki nacho mmoja wao, akala.

Sasa tazama sababu iliyowafanya wale wa Minhaji waharamishe: kuishi huku na kule. Je, kaa wako ndivyo alivyo? Hili wewe walijua kuliko mimi. Kaa wa mikoko anapumua kwa matamvua kama samaki, na jike akitaka kutoa mayai huondoka mikokoni akaenda bahari kuu. Akitolewa majini huvumilia siku kadhaa, lakini kwa sharti matamvua yawe na unyevu. Ndiyo maana mnamfunga kamba na kumfunika gunia lililoloweshwa kabla mnunuzi hajafika. Gunia likikauka, kaa amekufa, na hasara ni yenu. Kiumbe anayekufa kwa kukosa unyevu wa maji yake hajawa mkazi wa nchi kavu. Ni msafiri tu. Kaa wengine wanaokimbia mchangani na kuchimba mashimo yao juu ya pwani nawaacha nje ya jibu hili. Kwao ibara ya Minhaji inakaa vizuri zaidi, na wala si biashara yako.

Sikulipata hili peke yangu. Indonesia ni nchi ya Mashafii kama sisi, na ina mikoko mingi kuliko yetu. Mwaka 2002 Baraza la Ulamaa la huko lilipelekewa swali hili hili. Wakawaita wataalamu wa viumbe vya majini, wakawauliza kaa wa mikoko anapumua vipi, anataga wapi, anaishi wapi. Walipojibiwa kuwa ni kiumbe wa majini, wakatoa fatwa kuwa ni halali maadamu hana madhara kwa anayemla. Katika aina walizozijadili imo na hii ya kwetu, ambayo wataalamu huiita Scylla serrata.

Nimesikia hoja nyingine zikizunguka misikitini kwetu. Moja ni kwamba kaa ana makucha, na Mtume amekataza chenye makucha. Alichokataza ni mnyama mwitu mwenye meno ya kurarulia na ndege mwenye kucha za kukamatia. Kaa si simba wala si mwewe. Tupite.

Nyingine ni kwamba kaa ni khabithi, yaani kitu kichafu cha kuchukiza: sura yake mbaya, anatembea upande, anakula mizoga. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndiyo hoja ya kweli, na hiyo Minhaji imeletwa baadaye kuivika kanzu. Kiswahili chetu kina maneno matatu ambayo wazee hawakuyachanganya: haramu, mwiko na kinyaa. Haramu ni ya Mwenyezi Mungu. Mwiko ni wa ukoo, au wa mganga. Kinyaa ni cha koo lako wewe. Mtu wa Tanga husimama jioni kwenye jiko la pweza, akachoma kipande kwa kijiti na kunywa supu yake kwa ndimu na pilipili, na mgeni aliyetoka Bukoba hugeuza uso. Mgeni huyo akifungua kifurushi cha senene, mwenyeji ndiye atakayekimbia. Nani katika hao wawili aandikiwe sheria kwa koo lake? Masahaba walikula nzige wakiwa vitani pamoja na Mtume, mara sita au saba kama alivyosimulia Abdullahi bin Abi Aufa, na wapo masharifu wa pwani wasioweza kumtazama nzige kwenye sahani.

Mafakihi wa Kishafii ni kweli waliweka ladha ya Waarabu wa mijini kuwa mizani ya kujua kizuri na kibaya, lakini waliiweka pale pasipokuwa na nassi, yaani aya au hadithi ya wazi. Kwa bahari, nassi zipo, nimekutajia.

Mtume mwenyewe alikwisha kutufundisha tofauti hii. Nyumbani kwa mkewe Maimuna aliletewa dhabbu wa kuchoma, mjusi mkubwa wa jangwani. Akanyoosha mkono, akaambiwa ni dhabbu, akauondoa. Khalid bin Walid akauliza, je, ni haramu? Akasema la, lakini hapatikani katika nchi ya watu wangu, basi najikuta simpendi. Khalid akamvuta, akamla, na Mtume akitazama. Kinyaa chake kilikuwa kinyaa cha mbora wa viumbe, na bado hakukifanya sheria kwa Khalid aliyekaa naye sinia moja. Sisi akina fulani bin fulani tunakifanya.

Na sasa kasa. Niseme ukweli, nililisoma swali lako mara ya pili kwa sababu ya kasa. Ikiwa sababu ya haramu ni kuishi huku na kule, basi kasa ndiye anayepanda ufukweni, akachimba mchanga na kutaga. Pia anapumua hewa kama mimi na wewe. Waliomharamisha kaa wamemharamisha na yeye, kwenye mlango huo huo wa kitabu. Aliyemkuta kaa hapo akamruka kasa hakuwa akisoma. Alikuwa akitafuta.

Tena kwa kasa sihitaji hata hitilafu ya madhehebu. Sheria za nchi yetu zinakataza kumvua, na nyama yake wakati mwingine huwa na sumu ambayo moto wa jiko hauiondoi, wala hakuna anayeijua kwa macho wala kwa harufu. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja kwa kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakapelekwa hospitali. Hapo Panza ni ng'ambo tu ya maji kutoka kwenu. Mwenyezi Mungu amesema tusijiue. Nasema bila kusita: kumla kasa, hali ndiyo hii, hakufai, na anayewagawia watoto nyama hiyo amebeba dhima nzito. Wakatazwe hili wanaogawana, kwa upole, lakini wakatazwe.

Kwa hiyo kazi yako usiiache. Mimi naifuata kauli ya Majmuu kwa kaa huyu, na wewe nifuate katika hilo ukiwa na utulivu. Biashara hufuata hukumu ya kitu chenyewe: kikiliwa, huuzwa. Chakula mnachowapa, samaki na matumbo ya samaki, hakina tatizo. Damu na uchafu wa machinjioni msiwape hata mkipewa bure. Na kwa kuwa Mtume ametuamrisha wema katika kila kitu, hata katika kuchinja, mkipika nyumbani msimtupe kaa kwenye maji yanayotokota akiwa hai na akili zake. Mlazeni kwenye barafu mpaka afe ganzi kwanza. Jike mwenye mayai mrudisheni majini, na mikoko msiikate kwa ajili ya vizimba, maana mnakata kapu lenu wenyewe.

Shemeji yako naye, akitaka kujiepusha na kaa kwa wara'a, yaani kwa kuchunga dini yake na yenye shaka, ana haki, na nitamsifu. Kilichomponyoka ni bakuli. Wanachuoni wengi wamesema kuwa jambo lenye hitilafu ya maimamu halikemewi kama munkari, yaani ovu la wazi. Mtume alikufa na deraa yake iko rehani kwa Myahudi wa Madina kwa shayiri aliyonunua kwa ajili ya ahali zake. Hakumuuliza Myahudi yule mali yake ameichuma wapi. Je, muhogo wa nazi wa mke wa kaka yake, uliopikwa na Mwislamu mwenye kufunga, uwe mzito kuliko shayiri ile? Kuna hadithi isiyo na udhaifu wowote, imo kwa Bukhari na Muslim: haingii peponi mkata udugu. Hiyo ndiyo ya kuwasomea watu, kabla ya ile ya siku arubaini. Na watoto wanne wa kaka yake ni mayatima. Tangu arudi masomoni, amewanunulia madaftari mangapi? Naliuliza kwa uchungu, si kwa kumdhihaki.

Nawe, binti yangu, usimhesabie mama mkwe. Mama aliyezika mtoto husikiliza sana yule aliyembakia, na yule aliyembakia amerudi na vitabu. Usimpelekee kaa kamwe, wala usimtege kwa kumfichia ndani ya mchuzi. Kinyaa chake nacho kina heshima yake. Mpelekee tena muhogo. Ukirudishwa, wape watoto wale, na siku ya pili mpelekee magimbi.

Shemeji yako mwambie namsalimia. Mimi huwa msikitini Ijumaa baada ya Alasiri, na Minhaji na Majmuu zote mbili ziko kwenye kabati. Aje tuzifungue pamoja, chai nitatoa mimi.

Wallahu a'lam.